Lushoto au Usangi? Kwa alieko Moshi na boksa yake, tenti na siku chache

Kila sikukuu ikikaribia napigiwa simu zilezile. Kaka, nataka nipande milimani na pikipiki nikalale kwenye tenti, niende Lushoto au niende Usangi, wapi kuzuri? Nimekuwa nikijibu kwa kifupi halafu nikikata simu roho inanisuta, maana uzuri sio swali lenyewe, kote kuzuri bana. Swali ni una siku ngapi, na mwili wako utakuwaje ukifika kwenye kona ya kwanza. Hilo la pili watu hawalifikirii kabisa na ndo linaloangusha wengi. Kwaiyo leo naandika yote nnayoyajua, ukimaliza kusoma uchague mwenyewe.

Mi niko Moshi, naendesha pikipiki ya boksa 150, keria ya nyuma nimechomelea kwa fundi iwe pana kidogo. Lushoto, kule milima ya Usambara, nimeshapanda mara nne, Usangi, kule milima ya Upare, nimeacha kuhesabu.

Tuanze na barabara kuu kwanza, maana hapo ndo tofauti kubwa ilipo. Moshi mpaka Mwanga ni kilomita kama 50. Unapita Himo njiapanda, unapita Kifaru, ukienda taratibu saa moja na kidogo upo Mwanga unakunywa chai na chapati, unajaza mafuta, unakata kushoto unaanza kupanda. Kutoka hapo mpaka Usangi kwa njia ya Kikweni ni kama kilomita 25 hivi. Yani kona za Usangi unazikuta ukiwa mzima, mikono haijachoka, macho hayajajaa vumbi, akili bado ya asubuhi.

Lushoto sasa. Moshi mpaka Same ni kilomita mia na ushee, na Same mpaka Mombo ni kama mia nyingine tena, na kile kipande cha pili ndo kinachommaliza mtu, Makanya, Hedaru, Mkomazi, Mazinde, barabara imenyooka, jua linapiga, mkonge huku na huku ukikaribia Mombo, na kuna upepo wa ubavuni ukitoka milimani unaisukuma pikipiki nyepesi mpaka unajikuta umeinama upande mmoja kilomita nzima, halafu basi la Dar linakupita kwa kasi upepo unakata ghafla unayumba. Vijiji kila mahali vina vibao vya 50 na trafiki wapo na tochi zao za kupima spidi, kwaiyo hata ukitaka kuwahi huwahi. Kwa boksa yenye mzigo weka masaa matano ukiwa na vituo viwili vya kupumzika. Halafu hapo Mombo, mgongo umekufa, makalio yamekufa, ndo unakata kushoto kona zinaanza. Kilomita kama 33 za kona, kutoka kwenye joto la Mombo lililo mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari mpaka Lushoto iliyo kama mita 1,400.

Umeona tatizo? Sehemu inayotaka akili yako yote unaifikia ukiwa umeishiwa. Waliowahi kuniambia wameanguka njia ya Lushoto, wote wameanguka siku ya kwanza mchana au jioni, hakuna hata mmoja aliyeanguka asubuhi. Nawazungumzia nnaowafahamu mimi tu, lakini kwangu imetosha kubadilisha namna nnavyosafiri.

Kona zenyewe sasa. Ile ya Mombo kwenda Lushoto ni barabara ya kale, Wajerumani ndo walioipasua enzi zile Lushoto wanaiita Wilhelmstal, na inavyopita utaielewa, imebandikwa kwenye ubavu wa mlima, upande mmoja mwamba upande wa pili bonde na mto unaousikia chini huku maji huyaoni. Ni lami mpaka juu. Lami ni raha, tairi linashika, unalaza pikipiki unasikia kabisa inavyokaa. Ila ni nyembamba na hauko peke yako, kuna Kosta za abiria, kuna Fuso zinashuka na kabichi na karoti kwenda sokoni Dar, dereva wa Fuso kwenye kona kali anachukua barabara yote kwa sababu gari haliwezi kukata vingine. Kwaiyo honi. Kila kona usiyoona mbele piga honi, hata ukiona aibu, piga. Na ukae kushoto kabisa, usikate kona kwa ndani hata kama unaona uko peke yako, kwa sababu unachokiona ni mita ishirini tu.

Kingine cha njia hiyo ni uchafu wa kwenye kona: dizeli iliyomwagika kwenye tenki la gari lililojazwa pomoni, majani ya mboga, tope lililoshuka na mvua ya jana. Punguza mwendo kabla ya kuingia kona, maliza kazi ya breki kabla pikipiki haijalala, halafu kamata mafuta kidogokidogo ukitoka. Ukishika breki katikati ya kona palipo na dizeli, hapo tena ni Mungu tu.

Usangi magari ni machache, Noah za abiria, bodaboda, lori la mchanga mara mojamoja. Lakini barabara ndo yenyewe inayokupima. Nilivyopita mara ya mwisho lami ilikuwa vipandevipande, ukitoka kwenye lami unaingia kwenye udongo mwekundu na kokoto, na sehemu nyingine maji ya mvua yameshachimba mfereji katikati ya njia, inabidi uchague uende juu ya tuta gani na ukishachagua hubadilishi. Hapo unasimama kwenye pedali, magoti yanabana tenki, mikono unailegeza, unaiacha pikipiki icheze chini yako. Mtu aliyezoea lami ya mjini tu anaogopa pikipiki inavyocheza, anakaza mikono, akikaza mikono anaanguka. Ukianguka Usangi lakini unaanguka spidi kumi na tano, unajipangusa unaendelea. Ukianguka njia ya Soni, pale katikati ya Mombo na Lushoto, kuna Fuso nyuma yako. Hiyo nayo iweke kwenye mizani.

Sasa kushuka, hapa naomba unisikilize vizuri.

Mara yangu ya pili Lushoto nilishuka na mzigo wote, tenti, sufuria, na gunia dogo la viazi mviringo nilivyonunua juu kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Nimepita Soni nikaanza kusikia harufu kama ya mpira unaoungua, nikadhani ni gari la mbele. Kona mbili mbele nikakanyaga breki ya nyuma, pedali ikazama. Haikukatika, ilikuwa laini tu, unakanyaga na pikipiki inaendelea kwenda kama haijasikia. Nikashika ya mbele, nikarudisha gia mpaka ya pili injini ikapiga kelele, nikaenda kusimama kwenye kichaka cha pembeni palipokuwa na upana kidogo. Miguu inatetemeka. Nikachuchumaa nikaangalia ngoma ya nyuma, joto lake unalisikia usoni kabla hujasogea, nikachukua chupa ya maji nianze kuimwagia. Mzee mmoja alikuwa amekaa hapo juu na plamu zake kwenye ndoo akaniita.

"Mwanangu, usimwagie maji chuma cha moto. Kitapasuka."

Nikamwambia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akaniambia kaa. Nikakaa nusu saa nakula plamu. Akaniuliza swali moja tu, ulipandia gia ya ngapi hapa? Nikasema ya pili na ya tatu. Akasema basi na kushuka ni hiyohiyo.

Hiyo kanuni ndo nnayotembea nayo mpaka leo, gia uliyopandia ndo ya kushukia, injini ndo ikushike, breki ni ya kusaidia. Breki ya ngoma ikipata moto sana viatu vyake havishiki tena hata ukanyage kwa miguu miwili, na ile ya diski mbele ikizidi joto mafuta ya breki yanachemka ndani ya paipu, mkono unaingia mpaka mwisho hakuna kitu. Na wale wanaozima injini washuke frii kuokoa mafuta, jamani, lita moja ya petroli haina thamani ya mgongo wako. Nilivyofika Moshi fundi akafungua akakuta viatu vya breki vilikuwa feki, vimechakaa upande mmoja kama vimeng'atwa, na nilikuwa nimevinunua duka la mjini kwa bei ya orijino. Tangu siku hiyo kabla ya safari ya mlima nafungua ngoma naangalia kwa macho yangu.

Kushuka Usangi ni kufupi zaidi ila kuna vipande vimesimama, na kwenye kokoto breki ya mbele ndo adui, ukiikamata kwa nguvu tairi la mbele linafunga na linaondoka. Huku ni gia ya kwanza, ya pili, breki ya nyuma kwa kugusagusa.

Nguvu ya pikipiki watu wanauliza sana. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi na injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, kwaiyo Lushoto boksa itakuwa mvivu kidogo lakini inapanda, hata 125 inapanda ikiwa na mtu mmoja. Ukibeba abiria na tenti na kila kitu kwenye 125, hapo utaumia, utakuwa gia ya kwanza muda mrefu injini inachemka. Mwenye abiria na 125 mi namwambia chagua Lushoto, maana kwenye lami angalau abiria hahitaji kushuka kila palipochimbika. Usangi mtu wa nyuma atatembea kwa miguu, na hatafurahi.

Kulala. Hapa Lushoto inaongoza kwa urahisi. Irente, kilomita chache tu kutoka mjini, kwenye shamba la kanisa la Kilutheri kuna sehemu ya kupiga tenti, kuna choo, kuna maji, asubuhi wana mkate na jibini na jemu za hapohapo shambani, halafu unatembea kwa miguu mpaka ukingoni pale unaona Mazinde na nyika ya Wamasai yote chini yako, kama mita elfu moja kwenda chini, na barabara kuu uliyoteseka nayo jana unaiona ni uzi. Pikipiki inalala ndani ya uzio. Ukitaka msitu kuna Magamba, hifadhi iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, unalipa kiingilio, mbega wapo na vinyonga wa Usambara ukiwa na macho ya kutafuta. Lakini usijipigie tenti tu msituni bila kuuliza, sio Magamba wala Kindoroko kule Usangi, misitu hiyo ni ya hifadhi.

Usangi sikuwahi kulala kwenye sehemu rasmi ya tenti. Mimi huwa nafika mapema, saa nane saa tisa mchana, naenda kwa mwenyekiti wa kitongoji najitambulisha, natoka Moshi, naomba sehemu ya kulala na tenti usiku mmoja. Sijawahi kukataliwa. Nimelala uwanja wa shule wakati wa likizo, nimelala nyuma ya nyumba ya watu, na mara zote nimeamka na kikombe cha chai nilichopewa bila kuomba. Ukifika saa moja usiku bila kumuona mtu, unaanza kuwasha tochi kwenye mashamba ya watu, hapo huwezi kulaumu mtu akikuogopa.

Siku moja nilipata sehemu safi kabisa, tambarare, nyasi fupi, kaupepo kidogo, nikamshukuru Mungu nikaanza kupigilia vigingi. Akapita mama na jembe begani akasimama akaniangalia.

"Baba, hapo unalala wewe?"

"Ndio mama, mwenyekiti kaniruhusu."

"Kakuruhusu huku, au kule kwenye mgomba? Hapo asubuhi ndiva inafunguliwa."

Kama hujui ndiva, ni bwawa la jadi la Wapare, wanalijenga juu ya mashamba, usiku kucha maji ya kijito yanajaa humo, asubuhi wanazibua na maji yanateremka kwa mifereji mpaka kwenye mashamba ya kila mmoja kwa zamu yake. Ile sehemu yangu safi tambarare ilikuwa safi kwa sababu maji yanapita hapo. Nikahamia kwenye mgomba. Kumi na mbili na nusu asubuhi nikasikia watu wanaongea juu kule, kisha sauti ya maji yanashuka, nikatoa kichwa nje ya tenti, mfereji umejaa na pale nilipokuwa nimepigilia kigingi cha kwanza panang'aa maji. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hiyo nikiwa na mswaki mdomoni. Vitu kama hivyo Irente huvipati, Irente unapata jibini na usingizi mzuri, na kuna siku mtu anahitaji jibini na usingizi mzuri.

Chakula hakuna pa kulalamika. Lushoto matunda, plamu na peasi msimu wake, na mboga ambazo zikifika Moshi zimeshachoka. Usangi makande, na makande ya Upareni ukiyala jioni ya baridi hutauliza kitu kingine mpaka kesho yake mchana.

Baridi ipo kote ila Lushoto Juni mpaka Agosti inauma zaidi, ukungu unakaa mpaka saa tatu asubuhi na tenti inakuwa imelowa ndani kwa pumzi yako mwenyewe, kwaiyo acha kidirisha wazi hata kama unaona baridi. Beba turubai la kuweka chini, baridi nyingi inatoka ardhini. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, mi sipandi kokote na tenti. Usangi udongo unakuwa sabuni na Lushoto mawe yanaporomoka kutoka juu ya barabara.

Mafuta nimeshapiga hesabu. Boksa yangu na mzigo inanipa kama kilomita 40 kwa lita. Lushoto kwenda na kurudi na mizunguko ya huko inafika kilomita 550, karibu lita 14. Usangi na mizunguko yake haizidi 200, lita tano. Tofauti ya lita tisa, zidisha na bei ya leo. Lushoto mjini kuna sheli na mafundi wa kutosha. Usangi jaza Mwanga kabisa, beba tyubu ya akiba na pampu, na ujue kubadilisha tyubu mwenyewe.

Mzigo, haraka tu: vizito viwe chini na karibu na wewe, vyepesi ndo viende juu na nyuma, ukiweka sufuria na maji mwisho wa keria usukani unakuwa mwepesi na kwenye mpando mkali tairi la mbele linataka kunyanyuka. Na mipira ya kufungia, ile inayokatwa kwenye tyubu, mkia wake uuchomeke ndani, usiuache unapepea, mmoja niliuona kwa macho umeingia kwenye cheni ukavuta begi zima.

Walioko Arusha wanaoniuliza kuhusu kona za Ngorongoro, mnaweza kwenda Mto wa Mbu, mkapanda ule ukuta wa bonde la ufa mpaka Karatu, ni lami na kunapendeza, lakini getini pikipiki haziruhusiwi kupita, mnageuza. Na ambaye hajawahi kuendesha kona kabisa asianze na Lushoto wala Usangi, apige kwanza siku moja ya Himo, Marangu, Rombo mpaka Tarakea, lami, kona za kiasi, bila mzigo, jioni yuko nyumbani.

Kwaiyo nnavyowajibu sasa wakinipigia. Una siku mbili, nenda Usangi, usibishane na mimi. Lushoto kwa siku mbili ni kukaa barabara kuu masaa kumi uone kona masaa mawili. Una siku tatu na hujawahi kuendesha njia ya vumbi, nenda Lushoto, ila usipande siku hiyohiyo. Lala Same, au lala Mombo gesti, oga, kula, halafu panda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Fuso bado chache, mwili mpya, mwanga unaingia kwenye bonde kona kwa kona. Mara ya tatu nilifanya hivyo na nikaiona ile barabara kama sijawahi kupita. Una siku nne au tano na pikipiki iko vizuri, basi Lushoto halafu endelea mpaka Mtae, kule ukingoni unaangalia upande wa Mkomazi, lami inakuachia njiani, na kama ulishapita Usangi vumbi lake linakuwa limeshakufundisha.

Na anayeweza kufanya vyote, aanze Usangi mwezi huu, Lushoto mwezi ujao. Mimi mwezi wa tisa nakwenda Usangi na mdogo wangu, ni mara yake ya kwanza na TVS yake ya 125. Ngoma zote mbili tumezifungua jumamosi iliyopita, viatu vya nyuma vyake vilikuwa vimebaki unene wa shilingi mia, tumeshaweka vipya.